Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi

Ndugu msomaji, wewe unayevua baharini unajua kuwa juya halivutwi na mtu mmoja. Makhan Singh alijua kuwa haki nayo ni hivyo hivyo.

Alizaliwa Punjab, Bara Hindi, mwaka 1913. Mwaka 1927 alifika Nairobi, alikokuwa baba yake.

Wakati huo wakoloni waliwagawa wafanyakazi kwa rangi. Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mhindi, na Mhindi kidogo kuliko Mzungu. Wafanyakazi wakigawanyika, mwajiri hufanya apendavyo.

Mwaka 1935 Makhan Singh akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Chama hicho kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1937 wanachama waligoma, wakaongezewa mshahara.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda umoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Aprili 1950, mbele ya mkutano wa hadhara, alidai uhuru wa nchi zetu. Tarehe 15 Mei wote wawili walikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma.

Makhan Singh aliwekwa kizuizini zaidi ya miaka 11, mbali na mke na watoto. Angekubali kuihama Kenya, angefunguliwa. Alikataa. Aliachiwa Oktoba 1961, akafariki mwaka 1973.

Maswali
1. Kwa nini chama kilipokea watu wa rangi zote?
2. Kijijini kwako, kazi gani humshinda mtu mmoja?