Stanisław Ulam

Stanisław Marcin Ulam (Lwów, 13 Aprili 1909 – Santa Fe, New Mexico, 13 Mei 1984) alikuwa mwanahisabati kutoka Poland aliyechukua uraia wa Marekani. Wengi humtaja kwa mchango wake katika bomu la haidrojeni. Lakini kazi yake inayotumika kila siku hadi leo ni njia ya Monte Carlo, ambayo kwayo wahandisi hukadiria kwa kompyuta mwenendo wa nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mwanasheria. Wakati huo Lwów ilikuwa chini ya Austria-Hungaria. Leo ni Lviv, nchini Ukraine. Alisoma chuo cha ufundi cha mji huo, akapata udaktari mwaka 1933 chini ya Kazimierz Kuratowski. Hisabati nyingi aliipata mkahawani, ambako yeye, Stefan Banach na wenzao walikaa saa nyingi wakibishana na kuandika maswali yao katika daftari moja.

Mwaka 1935 John von Neumann alimwalika Princeton, kisha akapata nafasi Harvard. Wakati wa kiangazi alikuwa akirudi kwao. Agosti 1939 alipanda meli kwenda Marekani pamoja na mdogo wake, Adam, na siku chache tu baadaye Ujerumani ikaivamia Poland. Baba na dada yao, waliobaki nyuma, waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi. Mwaka 1941 alimwoa Françoise Aron, na wakati wa vita akajiunga na maabara ya Los Alamos.

Ugonjwa na karata

Mwaka 1946, akifundisha chuo kikuu huko Los Angeles, alishikwa ghafla na ugonjwa wa kuvimba ubongo, akashindwa hata kusema. Madaktari walimpasua fuvu. Alipona, ila alihofu kwamba akili yake haitarudi kama zamani. Rafiki yake Paul Erdős alimtembelea, wakazungumza hisabati na kucheza sataranji, na hofu ikapungua.

Alipokuwa akipumzika alicheza karata peke yake. Alijiuliza: kuna uwezekano gani wa kushinda? Kupiga hesabu ya mipangilio yote ya karata 52 kulimshinda. Akaona ni rahisi zaidi kucheza mara mia moja na kuhesabu ushindi. Mwalimu yeyote aliyerusha sarafu mbele ya darasa ataitambua hoja hiyo. Ulam aliona kuwa nyutroni nazo zinaweza kushughulikiwa hivyohivyo.

Njia yenyewe

Nyutroni ikisafiri ndani ya urani, haijulikani itagonga kiini cha atomi wapi, wala kama itaruka upande mwingine, itamezwa, au itapasua kiini na kuzaa nyutroni mpya. Kinachojulikana ni uwezekano wa kila tukio. Kompyuta huchagua tukio kwa namba za nasibu, hufuata nyutroni moja hadi mwisho wake, kisha nyingine, maelfu kwa maelfu. Mwishoni huhesabiwa kama kila kizazi cha nyutroni kinazaa kingine chenye idadi ileile. Kikiwa pungufu, mmenyuko unazimika, kikizidi, unakua. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole: ili kupunguza kosa kwa nusu, lazima kufuata nyutroni mara nne zaidi.

Von Neumann aliandika mpango wa hesabu hizo mwaka 1947, na mwaka 1948 zilifanywa kwenye kompyuta ya ENIAC, huku Klára von Neumann akiandaa programu. Jina lilitolewa na Nicholas Metropolis, kwa sababu mjomba wa Ulam alipenda kukopa fedha za kwenda kucheza kamari Monte Carlo. Metropolis na Ulam walichapisha makala kuhusu njia hiyo mwaka 1949.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1951 Ulam na Edward Teller walitoa wazo lililowezesha bomu la haidrojeni. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 1976 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Programu ya MCNP, iliyotokana na kazi hiyo ya Los Alamos, bado hutumika kusanifu vinu na kuta za kuzuia mnururisho.