Kapteni Abebe Bikila: Askari Aliyeijua Miguu Yake

Ni askari wachache wasiopata kulisikia jina la Abebe Bikila, na karibu wote wamelisikia kwa jambo moja: kwamba alishinda mbio za Marathon mjini Roma akiwa miguu mitupu. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya maskini aliyekosa hata kiatu, akabahatika. Masimulizi ya namna hiyo humpunguzia heshima. Bikila alikuwa askari wa Walinzi wa Mfalme wa Ethiopia, na kwake suala la viatu lilikuwa suala la vifaa vya kazi, kama lilivyo kwa kila mwenye kuvaa sare.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, na alikuwa mtoto mdogo majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka 1935. Alikua akichunga mifugo, kisha mapema katika miaka ya 1950 akajiunga na Walinzi wa Mfalme mjini Addis Ababa. Huko alikutana na Onni Niskanen, mwalimu wa michezo kutoka Uswidi aliyekuwa akiitumikia Serikali ya Ethiopia. Mji huo uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi na vilima vyake havimwonei mtu huruma. Bikila alizoea kukimbia peku, na sehemu ya mazoezi yake aliifanya hivyo.

Mguu uliokua bila kiatu una tabia zake. Vidole hutanuka, ngozi ya wayo huwa sugu, na misuli ya upinde wa wayo hushika kazi yake yenyewe. Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitangaza utafiti uliolinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani. Ilionekana kuwa waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo kabla ya kisigino, na kwa hiyo mguu haupati ule mshindo mkali wa ghafla unaompata mwenye kutua kwa kisigino. Wazee wetu waliokimbia bila viatu hawakungoja kuelezwa hayo.

Basi huko Roma, viatu vipya alivyopata vilimbana na kumtoa malengelenge. Yeye na mwalimu wake wakaamua kuviacha. Tarehe 10 Septemba 1960 mbio zilianza jioni ili kukwepa joto, na giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kando ya Njia ya Appia, barabara ya kale ya mawe, wakiwaangazia wakimbiaji kwa mienge. Bikila alikwenda bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko mpaka karibu na mwisho. Hapo palikuwa na mnara wa mawe wa Aksum, uliotwaliwa na majeshi ya Mussolini na kupelekwa Roma mwaka 1937. Penye mnara huo ndipo alipochomoka. Aliwasili penye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16.2, sekunde 25 mbele ya mwenzake, akiwa amelipita kwa chini ya nukta moja tendo bora la dunia la Sergei Popov. Mnara wenyewe ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Desemba ya mwaka ule ule baadhi ya wakuu wa Walinzi waliasi. Uasi ukazimwa, na Jenerali Mengistu Neway akanyongwa mwaka 1961. Bikila aliendelea kukimbia.

Mwaka huo wa 1961 alikwenda Osaka, Japani, na mtengeneza viatu Kihachiro Onitsuka akamshawishi ajaribu viatu vyake vyepesi. Akavivaa, akashinda. Wanaomfanya Bikila kuwa mtume wa kukimbia peku huiruka habari hii. Huiruka pia ya Tokyo: tarehe 21 Oktoba 1964, siku 35 tu baada ya kupasuliwa na kutolewa kidole tumbo, alikimbia akiwa na viatu na soksi nyeupe. Alitumia saa 2, dakika 12 na nukta 11.2, akawaacha wenzake kwa zaidi ya dakika nne, kisha akaanza kunyoosha viungo kwenye nyasi za uwanja.

Askari anayetaka kumwiga na aanze polepole. Mguu uliolelewa ndani ya buti hauwezi kupewa kazi ya mguu peku kwa wiki moja. Tangu mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza uvimbe wa nyayo za askari waliotoka safari ndefu. Eksirei zilipopatikana, ikagundulika kuwa mifupa mirefu ya wayo ilikuwa imepasuka kwa kuzidiwa na mzigo. Mifupa hiyo hiyo ndiyo inayowaponza leo wanaovua viatu kwa pupa.

Huko Mexico mwaka 1968 mguu ulimuuma, akaacha mbio kwenye kilomita ya 17 hivi; Mamo Wolde, naye wa kikosi kile kile, akashinda. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake lilipinduka, na miguu ile ikapooza. Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na huko akashindana kulenga mishale akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41 na cheo cha Kapteni. Mfalme Haile Selassie alihudhuria mazishi.

Mwaka 2010 kampuni ya Vibram iliuza viatu vyembamba vyenye vidole, ikaviita Bikila. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola 3,750,000, bila kukiri kosa, kwa wanunuzi waliolalamika kwamba sifa za afya zilizotangaziwa viatu vyake hazikuwa na ushahidi. Familia ya marehemu nayo ilifungua shauri huko Marekani mwaka 2015, ikidai kuwa jina lake lilitumiwa bila ruhusa. Mwaka 2016 hakimu alilitupa, kwa kuwa walichelewa kushtaki.