Tolkien, Mtunga Hadithi Asiyetaka Kuabudiwa

Katika kila kijiji yuko mtu ajuaye kusimulia. Jioni moto ukiisha kuwashwa, watoto humzunguka, na watu wazima nao husogeza viti vyao karibu. Hadithi ikifika mahali pa hatari, naye msimulizi akinyamaza, wote humsihi aendelee. Mtu wa namna hiyo hupendwa sana. Kupendwa ni jambo jema, lakini pia ni jaribu, kwa maana sifa za watu huweza kumlevya mtu kupita pombe. Maisha ya John Ronald Reuel Tolkien, Mwingereza na mkristu mkatolika, yanatuonyesha jinsi mtu awezavyo kusifiwa na mataifa mengi bila kusahau kwamba sifa zote ni za Mungu.

Mama yake

Tolkien alizaliwa katika bara letu la Afrika, mjini Bloemfontein, katika nchi iitwayo leo Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Baba yake, Arthur, alikuwa msimamizi wa benki. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake Hilary, wakasafiri kwenda Uingereza kuwasalimu jamaa. Baba alibaki kazini. Akashikwa na homa kali, akafa mwezi wa Februari 1896, asiwaone tena mke wake na watoto wake.

Mabel alikuwa mjane maskini. Aliwafundisha watoto wake mwenyewe kusoma, kuchora, kutambua miti na maua, na kusema maneno ya kwanza ya Kilatini. Mwaka 1900 akaingia katika Eklezya Katolika. Jamaa zake, waliokuwa Waprotestanti, wakakasirika. Shemeji yake, aliyekuwa akimsaidia kwa fedha, akakata msaada huo. Wengine wangalirudi nyuma, ili wapate mkate na amani ya ukoo. Mabel hakurudi nyuma. Aliwapeleka watoto wake kwa mapadri wafundishwe dini, akavumilia umaskini.

Baadaye akapatwa na ugonjwa wa sukari, na siku zile dawa yake ilikuwa haijapatikana. Akafa mwezi wa Novemba 1904, akiwa na umri wa miaka 34. John Ronald alikuwa na miaka 12. Hata katika uzee wake alimkumbuka mama yake kama mtu aliyeitolea dini uhai wake, wala hakusahau kwamba imani aliyokuwa nayo ilinunuliwa kwa mateso ya mwingine.

Kabla ya kufa, Mabel aliwaweka watoto wake mikononi mwa Padri Francis Morgan wa nyumba ya Oratory mjini Birmingham, nyumba iliyoanzishwa na John Henry Newman, ambaye Papa alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2019. Kila asubuhi wale yatima wawili walitumikia Misa, kisha wakala, kisha wakaenda shuleni.

Utii na vita

Alipokuwa kijana, Tolkien alimpenda msichana yatima jina lake Edith Bratt. Padri Francis aliona kwamba masomo ya kijana yanaharibika, akamkataza kumwandikia Edith mpaka atimize miaka 21. Agizo hilo lilimwuma sana, lakini alilitii, kwa kuwa padri alikuwa kwake badala ya baba. Siku ile ile alipotimiza miaka 21, mwaka 1913, akaandika barua. Edith akaingia Eklezya mwaka 1914, nao wakafunga ndoa tarehe 22 Machi 1916.

Miezi michache baadaye Tolkien alipelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano makubwa ya mto Somme. Wenzake watatu wa shule walikuwa rafiki zake wa moyoni. Wawili kati yao walikufa katika mwaka ule mmoja. Yeye mwenyewe alipata homa iletwayo na chawa wa mahandakini, akarudishwa Uingereza. Katika siku za ugonjwa wake akaanza kuandika habari za ulimwengu wa kale alioubuni mwenyewe, wenye lugha zake, wafalme wake na vita vyake.

Hadithi za nyumbani

Edith alimzalia watoto wanne: John, Michael, Christopher na Priscilla. Tangu mwaka 1925 Tolkien alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akifundisha Kiingereza cha kale. Mchana alikuwa mtu wa vitabu vigumu; jioni alikuwa baba mwenye hadithi. Kwa watoto wake alisimulia habari za Hobiti, watu wafupi wenye miguu yenye manyoya, wapendao chakula, bustani na amani, wasiotafuta ukubwa.

Hadithi hiyo ilipoandikwa, ilifika kwa mchapishaji mmoja wa London. Bwana huyo alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, aisome, akamlipa shilingi moja kwa kazi hiyo. Mtoto akasema ni nzuri. Basi kitabu kiitwacho The Hobbit kikatolewa mwaka 1937. Mara wasomaji wakataka kingine.

Tolkien akaanza kuandika tena mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule, lakini kazi ilichukua miaka kumi na miwili. Alikuwa na masomo ya kufundisha na jamaa ya kulisha, kisha vita ya pili ya dunia ikaja. Mara nyingi alichoka akataka kuacha. Aliyemtia moyo ni rafiki yake C. S. Lewis, mwalimu mwenzake, aliyesikiliza kila sura na kudai inayofuata. Lewis huyo zamani alikuwa hamwamini Mungu. Mazungumzo marefu ya usiku na Tolkien, mwaka 1931, yalimsaidia kumrudia Kristu, ingawa hakuingia Eklezya Katolika.

Kitabu hicho kikubwa kinaitwa The Lord of the Rings, maana yake Bwana wa Pete. Kinasimulia pete iliyotengenezwa na adui mwovu ili awatawale wote. Anayeivaa hupata nguvu, lakini moyo wake huharibika. Hobiti mmoja dogo, jina lake Frodo, anakubali kuichukua mpaka kwenye mlima wa moto, akaitupe humo iyeyuke. Mtumishi wake Sam anamfuata kwa uaminifu. Nyuma yao ananyemelea Gollum, kiumbe aliyepotezwa na pete hiyo zamani. Frodo angeweza kumwua, lakini anamhurumia.

Wasomaji wengi

Kitabu kilitolewa katika sehemu tatu. Sehemu ya pili ilitoka mwezi wa Novemba 1954, nayo ilimalizika Frodo akiwa ametekwa na adui zake. Sehemu ya tatu haikutoka mpaka Oktoba 1955. Kwa miezi kumi na mmoja wasomaji walikuwa kama watoto wa kijijini ambao msimulizi amewaachia hadithi katikati. Waliandika barua, wakanung'unika, wakaomba waambiwe kama Frodo atapona.

Barua hizo hazikukoma tena. Wengine waliuliza maana ya maneno ya lugha alizozibuni. Wengine walijifunza kuziandika. Mtu mmoja mfugaji wa ng'ombe aliomba ruhusa ya kuliita kundi lake kwa jina la mahali panapotajwa katika kitabu, naye akakubaliwa kwa furaha. Huko Marekani, mwaka 1965, kampuni moja ilichapisha kitabu hicho bila ruhusa ya mwenyewe wala kumlipa. Tolkien akawaeleza habari hiyo wasomaji waliomwandikia. Wao wakakasirika kwa ajili yake, wakailaumu kampuni mpaka ikakubali kumlipa haki yake na kuacha kukichapisha. Hivyo upendo wao ulitetea amri ya saba ya Mungu.

Lakini upendo usio na kiasi huwa mzigo. Watu wa Marekani walimpigia simu usiku wa manane, bila kukumbuka kwamba kwao ni mchana na Uingereza watu wamelala. Wageni wasiojulikana walikuja nyumbani pake wakitaka kumpiga picha. Mwaka 1968 mzee na mke wake wakahamia karibu na Bournemouth, pwani, na mahali wanapokaa pakafichwa.

Jinsi alivyozipokea sifa

Mtu mwenye kiburi angalifurahia kuzungukwa hivyo. Tolkien alifurahi kuona kazi yake inapendwa, kwa maana alikuwa mtu kama sisi. Lakini wale waliotaka kumfanya kama mungu walimsikitisha. Msomaji mmoja alimpelekea kikombe cha chuma, kimechorwa maneno mabaya yaliyoandikwa juu ya pete ya adui. Tolkien hakunywea kikombe hicho hata mara moja. Alikitumia kutilia majivu ya tumbako.

Sababu ya unyenyekevu huo alikuwa ameieleza mwaka 1939, katika hotuba aliyoitoa Scotland juu ya hadithi. Alifundisha kwamba mtu anaweza kubuni kwa kuwa yeye mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Mungu Muumba. Kwa hiyo mtunga hadithi si chemchemi. Yeye ni mfereji tu, na maji yatoka juu. Tena, kitabu kilipokuwa karibu kutoka, alimwandikia rafiki yake Mjezuiti kwamba kazi hiyo ni ya kikatolika toka ndani, ingawa ndani yake hamna kanisa wala padri.

Wasomaji kadhaa walimwandikia kulaumu mwisho wa hadithi. Frodo alipofika kwenye mlima wa moto, nguvu zilimwishia. Badala ya kuitupa pete, akaivaa na kuifanya yake. Ndipo Gollum alipomrukia, akamng'ata kidole pamoja na pete, akaanguka motoni, na pete ikaangamia. Kwa nini shujaa ashindwe? Tolkien aliwajibu kwa uvumilivu. Frodo alitumia nguvu zake zote, na nguvu za kiumbe zina mwisho. Lakini kwa kuwa alimhurumia Gollum, yeye naye alihurumiwa. Tolkien alionyesha kwamba jambo hilo limo katika sala ya Baba Yetu, pale tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe, na kuokolewa katika maovu. Basi mtu aliyeandika kutafuta habari za Hobiti alirudishiwa habari za rehema ya Mungu.

Wala tusidhani kwamba Tolkien alikuwa malaika. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kuna miaka alilegea katika dini, karibu aache kuifuata, naye alitubu kwa uchungu. Kilichomrudisha ni Yezu katika Sakramenti Takatifu, aliyeendelea kumwita kimya kimya katika tabernakulo. Mwanawe Michael alipodhoofika katika imani, mzee alimshauri dawa aliyoijaribu mwenyewe: kupokea Komunyo mara nyingi, hata kama kanisani watoto wanapiga kelele na padri anahubiri vibaya.

Mwisho wake

Edith alikufa mwaka 1971, naye Tolkien akamfuata tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81. Misa ya kumwombea ilisomwa mjini Oxford na Padri John, mwanawe wa kwanza. Mabel alikuwa amefukarishwa kwa sababu ya dini. Mjukuu wake akasimama altareni kumtolea Mungu sadaka kwa ajili ya mwana wake.

Wasomaji hawakupungua. Mwaka 1977 Christopher alikitoa kitabu ambacho baba yake hakukimaliza, The Silmarillion. Hadi leo watu hulizuru kaburi lake, wakiacha maua. Tangu mwaka 2003 wapenzi wa vitabu vyake katika nchi nyingi huvisoma pamoja tarehe 25 Machi, kwa kuwa katika hadithi ndiyo siku pete ilipoangamia.

Wakatekumeni wanaijua tarehe hiyo. Ni sikukuu ya Malaika Gabrieli kumpasha habari Bikira Maria, siku Neno wa Mungu alipofanyika mtu tumboni mwake. Tolkien aliichagua kwa makusudi, wala hakuitangaza kwa sauti kubwa katika kitabu. Wengi huisherehekea bila kujua imetoka wapi.

Enyi mnaojiandaa kwa Batizo, ninyi nanyi mna vipaji. Yuko aimbaye vizuri, yuko ajuaye kusimulia, yuko ambaye kijiji kizima humsifu kwa uhodari wake wa kujenga au wa kulima. Sifa zikija, msizikatae kwa unafiki, wala msizinywe kama kileo. Shukuruni, kisha mwonyesheni anayewasifu ni nani aliyewapa kipaji hicho. Na kipaji cha mwenzenu mkikipenda, mpendeni yeye kama ndugu, mtetee haki yake, mwacheni apumzike usiku. Lakini magoti yenu mpigieni Mungu peke yake.