Bentley, mkulima aliyeipiga picha theluji

MTOTO wa Mukuru kwa Njenga huijua barafu kwa mvua ya mawe inayopiga mabati na kwa friji ya dukani. Theluji huiona vitabuni, au kwa mbali juu ya Mlima Kenya alfajiri isiyo na mawingu. Mwalimu anayetaka kumweleza kwa nini chembe ya theluji ina ncha sita atafaidika kumsimulia maisha ya Wilson Bentley, mkulima aliyezaliwa Februari 9, 1865 kijijini Jericho, jimbo la Vermont, Marekani.

Mamake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfunza nyumbani hadi akafika umri wa miaka 14. Hadubini kuukuu ya mama huyo ndiyo iliyomwonyesha theluji kwa karibu. Alijaribu kuichora, lakini ikayeyuka kabla mchoro kukamilika. Babake, shingo upande, alikubali kumnunulia kamera, naye akaiunganisha na hadubini. Januari 15, 1885 alipata picha ya kwanza. Alifanya kazi kwenye kibanda kisicho na moto, akiinasa theluji kwa ubao mweusi huku amebana pumzi, kwani hata joto la pumzi lingeiharibu. Majirani walimwona mtu wa ajabu.

Umbo hilo lina sababu. Molekuli za maji zinapoganda hushikana katika pete za sita sita. Vizibo sita vya soda vilivyopangwa duara vikigusana, katikati pakibaki pengo, vyatosha kuonyesha jambo hilo darasani. Mvuke hushika zaidi kwenye pembe zilizochomoza, hivyo matawi huchipuka sita. Mvua ya mawe haina ncha hizo, kwa kuwa ni matone yaliyoganda tabaka juu ya tabaka.

Kwamba baridi na unyevu huamua umbo, alidhihirisha Mjapani Ukichiro Nakaya, aliyetengeneza theluji maabarani mwaka 1936: karibu nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea nyota, karibu nyuzi 5 chini ya sifuri sindano.

Bentley alipiga picha zaidi ya 5,000 na hakutajirika. Zaidi ya 2,400 zilitolewa kitabuni mwaka 1931. Wiki chache baadaye alirejea nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji, akaugua nimonia, na akafariki Desemba 23 mwaka huo huo.