John Wesley Hyatt: mpiga chapa aliyelainisha plastiki kwa kafuri

Kafuri wengi wetu tunaijua kwa harufu yake, msibani au kabatini katikati ya nguo. Wachache wanajua kwamba kafuri hiyo hiyo ndiyo iliyoifanya plastiki ya mwanzo ifanikiwe sokoni. Na plastiki hiyo ilitafutwa kwa sababu ya pembe za ndovu, bidhaa iliyopita pia katika mwambao huu wa Ziwa Victoria. Katika makala haya tunaangazia maisha ya John Wesley Hyatt, na somo analotuachia kuhusu plastiki laini tulizo nazo nyumbani.

Pembe kutoka kwetu

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Misafara ilitoka bara kupitia Tabora, na huku ziwani Kageye, si mbali na Mwanza mjini, ilikuwa bandari ya wafanyabiashara waliokwenda Buganda na kurudi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Pembe nyingi ziliishia Ulaya na Marekani, zikachongwa vitana, vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi, mchezo ulio ndugu wa pool ya leo.

Pembe moja ilitoa mipira michache tu, na bei ilikuwa ikipanda. Miaka ya 1860 watengenezaji wa meza za biliadi Phelan na Collender, wa New York, walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe.

Mtoto wa mhunzi

Hyatt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1837 huko Starkey, jimbo la New York, baba yake akiwa mhunzi. Akiwa na miaka 16 alikwenda Illinois kujifunza upigaji chapa, kisha akafanya kazi hiyo mjini Albany. Hakusomea kemia. Habari za zawadi zilipomfikia, alianza majaribio nje ya saa za kazi.

Wapiga chapa wa wakati huo walipaka vidoleni kolodioni, dawa ya maji iliyokauka na kuwa utando wa kulinda ngozi. Kolodioni hutokana na pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, na pamba hiyo hushika moto upesi sana. Hyatt aliifunika mipira yake kwa utando huo. Ilipendeza, lakini ikiguswa na sigara iliyowaka ililipuka moto.

Isitoshe, pamba hiyo peke yake ilikuwa ngumu kufinyanga. Hapo ndipo ilipoingia kafuri. Hyatt, akisaidiana na ndugu yake Isaiah, aligundua kwamba pamba hiyo ikichanganywa na kafuri, ikapashwa moto na kugandamizwa kwa nguvu, inalainika na kukubali umbo lolote, kisha ikipoa inakuwa imara. Alikuwa ameonywa kwamba mchanganyiko ungeweza kulipuka, basi katika jaribio moja akaweka ubao mnene kati yake na mashine. Haukulipuka. Mwaka 1870 walipata hataza, na Isaiah akaiita bidhaa hiyo seluloidi.

Kafuri ilifanya nini hasa? Chukua ngozi kavu ya ng'ombe. Ukiikunja inapasuka, ila ukiipaka mafuta inalainika, kwa kuwa mafuta hujipenyeza kati ya nyuzi zake zikaweza kuteleza. Kafuri ilifanya hivyo kati ya minyororo ya pamba. Kitu cha aina hii tunakiita kilainishi cha plastiki.

Kesi, moto na medali

Kiwanda kilihamia Newark mapema miaka ya 1870. Kikatoa meno ya bandia, vitana na kola za mashati. Mwingereza Daniel Spill alimshtaki Hyatt, na baada ya miaka ya kesi, mahakama ya Marekani iliamua kwamba aliyetangulia kutumia kafuri alikuwa Mwingereza mwingine, Alexander Parkes. Hyatt aliruhusiwa kuendelea.

Seluloidi haikuacha kuwaka. Filamu za sinema zilizotengenezwa nayo ziliunguza majumba mengi. Wala haikuwaokoa tembo, kwani pembe ziliendelea kununuliwa kwa miongo mingi.

Hyatt mwenyewe aligeukia mambo mengine. Alibuni beringi za rola kwa ajili ya mashine. Pamoja na Isaiah alitengeneza chujio la maji lililotumia kemikali ya kugandisha uchafu, mbinu anayoifahamu kila anayetia shabu kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Alitunukiwa Medali ya Perkin mwaka 1914, akafariki dunia tarehe 10 Mei 1920.

Kinacholainisha huondoka

Kafuri haikufungamana na pamba. Ilikaa tu katikati, na polepole ilitoka hewani. Ndiyo maana seluloidi kuukuu hunukia kafuri, husinyaa na kupasuka.

Vilainishi vya leo vina tabia hiyo hiyo. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon alilainisha plastiki ya PVC. Baadaye kilainishi kilichoenea sana ni DEHP, kimiminika kama mafuta, kisicho na rangi. Hakipendi maji, lakini huyeyuka kwenye mafuta, na joto hukiharakisha kutoka. Kwa wanyama wa maabara kimeonekana kudhuru ukuaji wa viungo vya uzazi vya madume, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwenye vitu vya kuchezea watoto.

Ndoo ngumu na madumu ya kawaida hayahitaji kilainishi. Cha kuangalia ni PVC laini: mpira wa bustani, kitambaa cha meza cha plastiki, turubai zito la gari. Usipitishe mafuta ya kula wala maziwa kwenye mpira wa bustani. Usianike dagaa juu ya turubai la PVC, kwa kuwa dagaa wana mafuta na jua la huku ni kali. Tumia kichanja cha wavu. Usichome nyaya za umeme ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Na kafuri yenyewe iweke mbali na moto na mikono ya watoto. Mtoto akimeza hata kipande kidogo anaweza kupata degedege, na dawa ni kumkimbiza hospitali bila kumtapisha.