Kivoi wa Mwendwa, Mkuu wa Misafara ya Ukambani

Katika vitabu vingi vya historia vinavyosomwa shuleni nchini Kenya, Kivoi wa Mwendwa hutengewa sentensi moja au mbili. Huelezwa kwamba alikuwa chifu wa Wakamba, na kwamba alimpokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, Krapf alipouona mlima wenye theluji. Sentensi hizo zina kasoro mbili. Kwanza, Kivoi hakuwa chifu. Cheo hicho, kwa maana inayojulikana Kenya, kililetwa na utawala wa Waingereza na kuwekewa sheria mwaka 1902, zaidi ya nusu karne baada ya Kivoi kufa. Pili, sentensi hizo humgeuza mtu aliyekuwa na shughuli nzito za biashara kuwa mlango tu wa kumpitishia mgeni. Krapf alipofika Kitui alimkuta mkuu wa shirika la biashara lililokwisha kukomaa, lenye wasafiri, wawindaji, washirika na wadeni kutoka kingo za mto Tana hadi Mombasa. Habari zake zinastahili kusimuliwa kuanzia huko.

Chimbuko la biashara hiyo ni milima ya Mbooni, katika Makueni ya leo. Mapokeo ya Wakamba huitaja Mbooni kuwa kitovu chao, mahali penye mvua na udongo wa rutuba, ambapo watu walilima na kuongezeka hata ardhi ikawa haba. Mnamo karne ya 18 baadhi yao walivuka mto Athi kuelekea mashariki, wakakaa Kitui. Huko walikuta nchi kame zaidi, ambamo mkulima hakuweza kutegemea shamba peke yake. Mvua ilipokosa, walichukua walichokuwa nacho, yaani asali, sumu ya mishale, mifugo na vyombo vya chuma, wakaenda kwa majirani waliokuwa na mavuno kubadilishana kwa chakula. Shughuli hiyo huitwa kuthuua kwa Kikamba. Kwa njia hiyo Wakamba wa Kitui walifahamiana na Waembu, Wambeere, Watharaka na Wakikuyu. Walijifunza njia, vivuko na visima, na wakafunga undugu wa kiapo na watu wa mbali. Biashara kubwa ya pembe za ndovu iliyokuja baadaye ilipita katika mikondo iliyochimbwa na njaa.

Kivoi alizaliwa katika nchi hiyo, na yasemekana ilikuwa mwishoni mwa karne ya 18. Alifikia utu uzima wakati soko la pwani lilipokuwa likipanuka kwa kasi. Mwaka 1837 Sayyid Said aliwashinda Mazrui na kuitia Mombasa mkononi mwake, na Unguja, alikohamishia makao yake, ikawa bandari ya wafanyabiashara kutoka India, Uarabuni, Ulaya na Marekani. Wote walitaka pembe. Bei ilipopanda, Wakamba hawakuwangoja wachuuzi wa pwani wapande bara. Waliteremka wao wenyewe. Njaa iliyoikumba nchi katika miaka ya 1830 iliwasukuma wengine wao kuhamia karibu na Rabai na Duruma, na makazi hayo mapya yakawa vituo vya kupumzikia na kupata habari za bei kabla ya kuingia mjini.

Katika miaka ya 1840 misafara ya Wakamba yenye watu 300 hadi 400 ilikuwa jambo la kawaida katika njia ya Mombasa. Njia hiyo haikuwa rahisi. Kutoka Kitui ilivuka uwanda wa Yatta na mto Athi, ikapita Kikumbulyu, upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, ikafika mto Tsavo, kisha ikaingia nyika ya Taru isiyo na maji. Safari ya Krapf ya kwanza, kutoka Rabai hadi Kitui, ilichukua karibu wiki nne. Msafara ulikwenda na pembe za ndovu na za vifaru pamoja na mifugo, ukarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani kama kilo 16, na pembe moja ya ndovu dume mkubwa iliweza kuzidi frasila mbili. Anayetafakari uzito huo begani mwa mtu katika nyika ya Taru ataelewa kwa nini msafara haukuweza kuendeshwa na mtu yeyote tu.

Ustadi wa Kivoi ulikuwa hapo, katika kuendesha. Jamii ya Wakamba haikuwa na mfalme wala jeshi la kudumu. Mashauri yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na kila utui, yaani kijiji na malisho yake, ulijitawala. Wengi wa waliofuatana na kiongozi wa msafara walikuwa watu huru, na kila mmoja alibeba pia mali yake mwenyewe. Hapakuwa na mkataba wa kumfunga mtu wala askari wa kumrudisha aliyeamua kuondoka usiku. Krapf aliona kwamba Mkamba alipata ukubwa kwa mambo manne: mali, ufasaha wa kusema, umbo na haiba, na zaidi ya yote sifa ya kuwa mganga anayejua mambo ya mvua. Orodha hiyo huweza kusomwa kama dharau ya mmisionari kwa imani za wenyeji. Lakini ukiisoma kwa jicho la biashara, ni maelezo sahihi kabisa ya mtaji. Mali iliwalisha wafuasi na kuwakopesha. Ufasaha uliwashawishi wazee wa nchi za kupita. Nao uganga uliwapa watu 300 imani ya kutosha kuacha nyumba zao na kuingia nyikani siku iliyotajwa na kiongozi, si siku nyingine.

Wakubwa wa namna hii waliitwa andu anene, watu wakubwa, na Kivoi alikuwa mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mji wake Kitui ulikuwa ghala na baraza kwa pamoja. Pembe zilikusanywa hapo kutoka kwa wawindaji waliotumia mishale ya sumu na kutoka kwa watu wa ng'ambo ya Tana, zikangoja msafara. Bidhaa za pwani zilirudi hapo, zikagawanywa tena kaskazini. Alijulikana pia pwani, na ni pwani alikoonana na Krapf kwa mara ya kwanza.

Sifa hizi hazipaswi kufunika upande mwingine. Kivoi alimiliki watumwa wengi, na katika mji wake walikuwako watu waliofanya kazi bila hiari yao. Masimulizi ya kumtukuza, ambayo hupendwa katika hotuba za kisiasa, huruka jambo hili. Utajiri wa misafara ulitoka katika mchanganyiko wa ushirika wa watu huru na nguvu za watu wasio huru, na majina ya hao wa pili hayakuandikwa popote.

Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844 na kufungua kituo cha misheni Rabai mwaka 1846, akiwa pamoja na Johannes Rebmann. Kwa wanafunzi wa Kiswahili jina lake halihitaji kutambulishwa, kwa sababu sarufi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi yake, iliyotolewa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ni miongoni mwa misingi ya taaluma. Lisilokumbukwa sana ni kwamba alishughulika pia na Kikamba, na kwamba msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki, wa mwaka 1850, uliiweka lugha hiyo kando ya Kiswahili. Wakamba wa misafara walikuwa walimu wake.

Alifika kwa Kivoi mwishoni mwa Novemba 1849. Kila mmoja alikuwa na haja yake. Krapf alitaka kujua njia za kwenda ndani zaidi ya bara. Kivoi alipanga kwenda Tana kuchukua pembe, na mgeni mwenye bunduki na sifa ya maarifa ya ajabu angeongeza heshima na usalama wa safari. Alimtaka mgeni wake angoje. Krapf hakuweza, akarudi pwani mwezi uliofuata, lakini si kabla ya tarehe 3 Desemba, siku mawingu yalipofunguka akauona mlima ambao Kivoi alikuwa amekwisha kumweleza. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Kikamba hakina sauti r, na katika matamshi ya Wakamba jina hilo husikika kama Kiinyaa, ambalo wengi hulihusisha na nyaa, mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe kama mwamba na theluji. Krapf aliandika alichosikia kwa masikio yake ya Kijerumani, na kutokana na maandishi hayo likapatikana jina Kenya. Mjini London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara, alikanusha kuwapo kwa theluji hiyo kwa miaka mingi. Habari ambayo wataalamu walibishania ilikuwa jambo la kawaida kwa wafanyabiashara wa Kitui.

Safari iliyoahirishwa mwaka 1849 ilifanyika miaka miwili baadaye. Krapf aliondoka Rabai Julai 1851 akikusudia kufungua kituo Yatta. Mpango huo ulipomshinda akaendelea mpaka kwa Kivoi. Mwishoni mwa Agosti wakaondoka pamoja kuelekea Tana. Hawakuwa na msafara wa mamia safari hii, bali kundi dogo. Kwa nini mzoefu kama Kivoi alikubali kusafiri na watu wachache hivyo katika nchi ya wanyang'anyi ni swali ambalo maandishi ya Krapf hayalijibu. Yamkini aliitegemea mno bunduki ya mgeni.

Walikuwa karibu kuufikia mto waliposhambuliwa. Wafuasi wengi wa Kivoi walikimbia. Krapf alifyatua bunduki hewani, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa hapo. Krapf alitoroka akabaki peke yake porini, akateswa na kiu mpaka alipoufikia mto Tana, kisha akachukua maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Alisafiri usiku na kujificha mchana hata akarudi kwa Wakamba.

Huko alikuta msiba na mashtaka. Jamaa za Kivoi walimtuhumu kwamba kifo cha mkuu wao kilikuwa juu yake, na wakataka auawe. Masimulizi ya kimisionari huichukua sehemu hii kama kielelezo cha ukatili na ushirikina wa wenyeji. Hata hivyo, hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mtu aliyekaribishwa, akalishwa na kuongozwa na Kivoi, mwenye silaha ambayo hakuna mwingine msafarani aliyekuwa na mfano wake, alirudi hai bila jeraha, na mwenyeji wake amelala kando ya Tana. Kwa sheria ya undugu wa safari, hilo lilihitaji maelezo. Dhamiri ya Krapf na wajibu wa msafara zilikuwa sheria mbili zisizofahamiana, na aliyelipa gharama ya tofauti hiyo alikuwa Kivoi. Krapf alitoroka tena usiku, akafika Rabai mnamo Septemba 1851. Mwaka 1853 aliondoka Afrika Mashariki, na kitabu chake cha safari kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1858. Karibu kila kitu kinachosomwa leo juu ya Kivoi kimepita katika kalamu ya mtu huyo mmoja, ambaye ndiye familia ya marehemu ilimshtaki.

Baada ya mwaka 1851 biashara haikukoma siku moja. Misafara ya Wakamba iliendelea kuteremka, lakini ukuu wao njiani ulikuwa ukipungua. Shirika la Kivoi lilisimama juu ya sifa, madeni na viapo vilivyoshikwa na mtu mmoja, na mambo kama hayo hayarithiwi kama mbuzi. Wakati huohuo ndovu walikuwa wakizidi kuwa haba karibu na Kitui, na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa pwani walianza kupanda bara na misafara yao yenye bunduki, wakizijia pembe zilikotoka. Faida ya kujua njia, iliyokuwa ya Wakamba kwa miongo kadhaa, ikawa ya wengi.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati yake mwaka 1888 na kujenga ngome Machakos mwaka 1889, misafara yake ilipanda kutoka Mombasa kupitia Taru, Tsavo na Kibwezi. Ilikuwa na wakurugenzi London, vitabu vya hesabu na wapagazi wa mshahara. Wakamba wa njia ile waliwauzia wapagazi hao mtama, maharagwe na mbuzi, wakapokea nguo na shanga zilezile ambazo baba zao walikuwa wakizifuata wenyewe mpaka baharini.