Paul Klee: mchoraji aliyeambiwa ana surua, kumbe mwili ulikuwa unakauka

Huko Kadutu, mtu akianza kukonda, chakula kikimkwama kooni na uso ukimkaza, majirani hawakawii kusema ni karuho, amelishwa sumu. Paul Klee, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ya 20, alipatwa na dalili kama hizo mjini Bern, Uswisi. Kwake yeye ilisemwa ni surua.

Klee alizaliwa karibu na Bern tarehe 18 Desemba 1879, mtoto wa mwalimu wa muziki. Alipiga violini tangu utotoni, hata katika okestra ya mji, lakini akachagua uchoraji. Safari yake ya Tunisia mwaka 1914 ndiyo iliyomfungulia mlango wa rangi. Kuanzia 1921 alifundisha kwenye shule ya Bauhaus, Ujerumani, kisha Düsseldorf. Wanazi walipochukua utawala mwaka 1933 walimfukuza kazi, akarudi Bern na mke wake Lily.

Mwaka 1935 alianguka kitandani, mapafu yakiwa na shida. Alipona nusu. Mwaka 1936 alitoa kazi 25 tu, yeye aliyezoea kutoa mamia. Ngozi ya uso ikakaza kama barakoa, koo likakataa vyakula vigumu. Akawa anakula vitu vya majimaji, tena peke yake, mbali na macho ya wageni. Kupanda mlima kidogo kulimkata pumzi. Violini akaiacha.

Jina la sikleroderma liliandikwa katika kitabu juu ya maisha yake mwaka 1954, miaka 14 baada ya kifo chake. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka dhidi ya mwenyewe, na mwili unatengeneza nyuzi ngumu kupita kiasi: kwenye ngozi, koo, mapafu, moyo na figo. Hauambukizi, wala hautokani na sumu ya mtu. Wanawake wanaupata mara nyingi kuliko wanaume.

Kwa wagonjwa wengi unaanzia vidoleni. Bukavu iko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari, na maji ya asubuhi ni baridi: vidole vinapauka, vinafa ganzi, kisha vinauma. Kwenye ngozi nyeusi kuna alama nyingine, madoadoa meupe na meusi kama chumvi iliyochanganywa na pilipili. Wengine wanadhani ni ukoma, lakini mabaka ya ukoma hupoteza hisia.

Dawa ya kuung'oa kabisa haipo. Zipo za kutuliza sehemu zake: nifedipini kwa vidole, omeprazoli kwa kiungulia, na kaptoprili ambayo, tangu mwisho wa miaka ya 1970, imeokoa wengi waliokuwa wanakufa kwa figo. Ndiyo maana mgonjwa anapimwa presha mara kwa mara. Hatari kubwa ni kujinunulia prednisoloni au deksametazoni kwenye farmasi bila daktari, maana kwa ugonjwa huu dozi kubwa inaweza kuharibu figo. Mengine ni ya nyumbani: kuvaa joto mwili mzima, kuacha sigara, kula kidogo kidogo, kuinua kichwa wakati wa kulala, kunyoosha vidole kila siku.

Klee hakuwa na dawa hizo. Mwaka 1937 Wanazi walitundika kazi zake 17 katika maonyesho ya kudhihaki sanaa, München. Yeye, mgonjwa, akazidisha kuchora. Mistari ikawa minene, michoro myepesi kutazama na mizito kubeba. Mwaka 1939 peke yake alimaliza kazi zaidi ya 1.200, wingi ambao hakuwahi kuufikia akiwa mzima.

Alifariki tarehe 29 Juni 1940 karibu na Locarno, akiwa na miaka 60. Ingawa alizaliwa Uswisi, alihesabiwa Mjerumani kwa sababu ya baba yake. Ombi lake la uraia lilikuwa bado halijajibiwa.